Sura ya Saba: Yatima wa Rumangabo

Mwezi wa Aprili 2019 picha moja kutoka Rumangabo ilizunguka dunia kwa siku chache tu. Askari wa hifadhi, Mathieu Shamavu, alikuwa amejipiga kwa simu yake, na nyuma yake wamesimama gorila wawili, wima kwa miguu miwili, mmoja ameinama mbele ili naye aonekane. Walikuwa Ndakasi na Ndeze. Huko ng'ambo watu walicheka, wakashangaa, wakauliza kama picha haikutengenezwa kwa kompyuta. Hifadhi ya Virunga ilijibu kwamba picha ni ya kweli, kisha ikaeleza kwamba gorila hao ni yatima waliolelewa na binadamu tangu uchanga, na kwamba hakuna ruhusa ya kumsogelea gorila wa porini namna hiyo. Picha ilifika kila mahali. Maelezo hayakufika mbali.

Nataka tukae kidogo kwenye tofauti hiyo, maana ndiyo inayoamua maisha ya wanyama wengi wanaoitwa waliookolewa, wawe tembo wa Nairobi na Thailand au gorila wa hapa kwetu. Mgeni huja na hamu ya kugusa, kulisha na kupigwa picha, ilhali mnyama anachohitaji ni kuachwa. Katikati yao kuna kituo ambacho kinamhitaji wa kwanza ili kimlishe wa pili.

Yatima wa Rumangabo walipatikana kwa damu. Mwezi wa Juni 2007 askari wa doria walimkuta mtoto wa gorila wa miezi kama miwili ameng'ang'ania maiti ya mama yake, Rubiga, aliyepigwa risasi. Huyo ndiye Ndakasi. Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 22 Julai, wauaji waliingia katika familia ya Rugendo, upande wa Bukima, wakamuua dume lake kubwa, Senkwekwe, pamoja na majike. Mmoja wa majike hao, Safari, alikuwa na mtoto anayenyonya, na mtoto huyo ndiye Ndeze. Mpiga picha Brent Stirton aliwapiga wanavijiji wakimshusha Senkwekwe kwenye machela ya miti, mikono ya dume imefungwa, watu wengi chini ya mzigo mmoja. Wengi wa umri wangu wanaikumbuka picha hiyo hata kama hawajui jina la aliyeipiga.

Wauaji hawakuondoka na kitu cha kuuza. Miili iliachwa pale pale, na watoto hawakuibwa. Macho ya wachunguzi yaligeukia biashara ya makala. Miti ya hifadhi inakatwa na kuchomwa, magunia yanateremshwa Goma, na askari anayezuia tanuri anatumiwa ujumbe kwa njia ya gorila aliyekufa. Hapa msomaji wa Goma hawezi kukaa pembeni kama mtazamaji. Sombe na maharagwe ya mji huu yamepikwa kwa makala hayo miaka mingi, na vita vilipowaleta wakimbizi kwa malaki, sufuria ziliongezeka na msitu ukapungua.

Ndakasi na Ndeze walilelewa kwanza hapa mjini, ndani ya nyumba. Goma si mahali pa gorila. Ni mji wa mawe ya volkano ya Nyiragongo na vumbi lake, na mafua ya watu waliosongamana hayaishi. Mwishoni mwa 2009 walihamishiwa Rumangabo, makao makuu ya hifadhi kwenye barabara ya Rutshuru, katika kituo kilichopewa jina la Senkwekwe. Ndicho kituo pekee duniani kinachotunza yatima wa gorila wa milimani. Mwaka uliofuata waliletwa wengine wawili kutoka Rwanda, Maisha na Kaboko. Kaboko alikuwa amepoteza mkono katika mtego wa waya uliotegewa swala au nguruwe wa msituni, waya hauchagui.

Jina la mlezi wao, André Bauma, limekwenda mbali kwa sababu ya filamu ya mwaka 2014 iitwayo Virunga, lakini kazi yake ilianza kabla ya kamera. Ndiye aliyempakata Ndakasi kifuani usiku wa kwanza ili mtoto apate joto ambalo angelipata kwa mama. Kazi ya wahudumu wa Senkwekwe ni ya ajabu ukiifikiria vizuri. Wanakaa kituoni kwa zamu ndefu, wanalala karibu na wanyama, wanacheza nao na kuwabeba, huku wake na watoto wao wakiwasubiri nyumbani. Hawawezi kuwa watu wa kwenda na kurudi kila jioni, maana anayerudi asubuhi anaweza kurudi na kikohozi cha mtaani.

Kikohozi hicho si jambo dogo. Gorila anashika magonjwa yetu ya kifua bila shida, ila hana kinga tuliyonayo sisi. Mwaka 2009, upande wa Rwanda, familia ya Hirwa ilipatwa na ugonjwa wa njia ya hewa, na vipimo vikaonyesha virusi vya binadamu, vile ambavyo kwetu huleta mafua ya kawaida tu. Jike mmoja na mtoto mchanga walikufa. Januari 2021 gorila wa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, walipatikana na korona. Ndiyo maana wageni wa gorila wa porini huenda watu wanane tu, kwa saa moja, wakiwa wamesimama mita kadhaa kutoka kwa wanyama, na Virunga iliwavisha wageni barakoa miaka kabla dunia haijajua korona ni nini. Mwenye mafua hakuruhusiwa kupanda, hata kama alikuwa amelipa dola 400 na ametoka Brussels kwa ndege tatu. Huko Senkwekwe, mtalii aliyelala Mikeno Lodge aliweza kutembea hadi kituoni na kuwatazama yatima kutoka upande wake wa uzio. Hakuna kulisha, hakuna kubeba.

Ni rahisi kumwelewa mgeni anayenung'unika. Ameona kwenye simu askari amekumbatiwa na gorila, amelipa, amefika, na sasa anaambiwa arudi nyuma. Ila kipimo cha kituo chochote cha wanyama waliookolewa kiko hapo hapo, katika kile anachonyimwa mgeni. Kituo kinachompa kila anachotaka kinachukua kutoka kwa mnyama.

Kwa tembo, madhara ya mnyama kumzoea mtu kupita kiasi yalijulikana mapema, na yalijulikana kwa uchungu. Daphne Sheldrick, aliyelea wanyama yatima Tsavo na baadaye Nairobi, alihangaika miaka mingi kuwalisha ndama wachanga wa tembo, ambao maziwa ya ng'ombe huwaua. Hatimaye alipata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi, na ndama mmoja, Aisha, akaanza kukua. Mwaka 1974 Daphne aliondoka kwa siku chache kwenda kwenye arusi ya binti yake. Aisha akaacha kula, akafa. Maziwa yalikuwa yale yale. Kilichokosekana ni mtu mmoja, na ndama hakuwa na mwingine. Tangu hapo, katika makao ya Nairobi ya shirika lililoanzishwa mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, walezi hubadilishana. Usiku huu analala huyu na ndama, kesho analala mwingine, ili ndama aipende familia yote badala ya kumfia mtu mmoja.

Wageni huruhusiwa saa moja, tangu saa tano hadi saa sita mchana, nyuma ya kamba. Wanafunzi wa Nairobi wanajaa hapo pamoja na Wazungu, jambo ambalo sisi wa Goma tunaweza kulionea wivu. Saa hiyo ikiisha, ndama wanarudishwa vichakani. Wakikua wanapelekwa Voi au Ithumba, ndani ya Tsavo, ambako tembo wa porini huja kunywa maji, na taratibu yatima wanaanza kulala nje usiku mmoja, kisha wiki, kisha hawarudi. Inachukua miaka. Baadhi ya majike hurudi siku moja na ndama waliozaliwa porini, wakawaonyesha walezi wa zamani, wakaondoka tena. Samburu nako, katika kituo cha Reteti kilichofunguliwa mwaka 2016, walezi ni watu wa eneo hilo, wanawake wakiwemo, na maziwa ni ya mbuzi yanayonunuliwa kwa akina mama wafugaji. Mimi naipenda Reteti kwa sababu hiyo kuliko kwa picha zake nzuri. Mama anayeuza maziwa kwa ajili ya ndama ana sababu yake mwenyewe ya kutaka tembo waishi, na haihitaji semina.

Sisi Wakongo tuna historia yetu ya tembo na wageni, na ilianzia pwani ya Waswahili. Mwaka 1879 tembo wanne wa India, pamoja na waongozaji wao, walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, kwa amri ya Leopold II wa Ubelgiji. Mfalme alitaka kujua kama tembo wangeweza kubeba mizigo ya misafara badala ya wapagazi. Walipandishwa bara, wakafa mmoja baada ya mwingine, na mmoja tu ndiye aliyefika Karema, ukingoni mwa Tanganyika; naye hakuishi sana. Kiongozi wao, Frederick Carter, aliuawa njiani mwaka 1880 akirudi pwani.

Mfalme hakukata tamaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ofisa wake Laplume alianza kukamata tembo wa Kiafrika huko Api, Uele, na baadaye kazi ikahamia Gangala-na-Bodio, mahali ambapo leo ni sehemu ya mazingira ya Garamba. Ndama walifungwa kamba porini, wakatenganishwa na makundi yao, wakafundishwa kulima na kuvuta mikokoteni, na Wazande ndio waliokuwa waongozaji. Yale yaliyosemwa kwamba hayawezekani kwa tembo wa Afrika yaliwezekana. Jembe lilipopitwa na trekta, waliobaki wakawa wa kupandwa na watalii, na bado katika miaka ya 1980 mgeni wa Garamba aliweza kuzunguka juu ya mgongo wa tembo. Vitabu vya safari vya wakati huo viliona hilo kuwa jambo la fahari. Mimi naona mnyama aliyenyang'anywa kundi lake mara moja kwa ajili ya mfalme, halafu akatumiwa mara ya pili kwa ajili ya picha.

Asia biashara hiyo ni kubwa zaidi. Thailand ndama huvunjwa roho wakiwa wadogo, kwa kufungwa na kuchomwa ndoana, ili baadaye wakubali watu mgongoni. Watalii walipoanza kukataa kupanda, vituo vingi vilibadilisha vibao vya barabarani. Sasa vinajiita makao ya hifadhi, na mgeni anaogesha tembo mtoni, anamlisha ndizi, anapiga picha. Ni afadhali kidogo. Lakini tembo anayeingia mtoni kila kundi jipya la wageni likifika, akitaka asitake, bado yuko kazini. Usidanganywe na jina la mahali. Tazama mnyama anafanya nini wakati hakuna mgeni.

Nirudi kwenye picha ya 2019. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha uchunguzi uliofanywa Marekani, ambapo watu waliulizwa ni nyani gani wakubwa walio hatarini kutoweka. Wengi walijua kwamba gorila yuko hatarini. Sokwe walimwacha nje zaidi. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba sokwe wanamwona kwenye televisheni, kwenye matangazo na sinema, kwa hiyo hawezi kuwa anakaribia kwisha. Mnyama aliyezoeleka na kuvishwa tabia za watu anaonekana yuko salama. Basi picha ya Ndakasi na Ndeze ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Iliwafanya watu ambao hawakuwahi kusikia Rumangabo watoe pesa, na pesa hizo zilihitajika. Iliwafundisha watu hao hao pia kwamba gorila ni rafiki wa kusimama naye bega kwa bega. Siwezi kumlaumu Shamavu. Anakaa na hatari ambayo wengi wetu hatuijui, na siku hiyo alifurahi. Lakini ningekuwa mkuu wa picha za hifadhi yoyote, picha ya mkono wa binadamu juu ya mnyama wa porini isingetoka ofisini.

Ndakasi na Ndeze hawakuweza kurudi msituni. Walisimama wima kwa sababu waliiga walezi, na waliwaona walezi kuwa wazazi. Kuwatia katika familia ya gorila wa milimani kungeweza kuwaua wao, au kupeleka ugonjwa kwa wanyama ambao sensa iliyotangazwa 2018 iliwahesabu kuwa zaidi kidogo ya 1,000 duniani kote. Kituo kizuri kuliko vyote kisingebadilisha hilo, kwa kuwa lililowafunga lilitokea 2007.

Si yatima wote waliofungwa hivyo. Kasugho, upande wa Lubero, kuna kituo cha GRACE, kilichoanza 2010 kwa ajili ya gorila wa Grauer, wale wa nyanda za chini za mashariki waliokamatwa kwa walanguzi. Kiko mbali, barabara ni mbaya, na hakikujengwa kwa ajili ya watalii. Yatima waliwekwa pamoja katika kundi moja, wakubwa wakawalea wadogo, na msitu wenye uzio ukawafundisha chakula. Mwaka 2024 majike wanne kutoka hapo waliachiwa katika Mlima Tshiaberimu, kaskazini mwa Virunga, ambako gorila walikuwa wamebaki wachache mno kuweza kuendelea peke yao. Hapo ndipo kazi ya kituo huonekana, siku kinapopunguza wanyama wake. Nilitegemea habari hiyo ingezunguka dunia kama ile picha. Haikuzunguka.

Kuhusu wageni wenyewe, miaka hii hawapo. Mei 2018 askari Rachel Masika Baraka aliuawa akiwalinda watalii wawili Waingereza, na hifadhi ikafunga milango hadi Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa korona. Tarehe 24 Aprili mwaka huo, karibu na Rumangabo, askari 12 wa hifadhi waliuawa pamoja na dereva na raia wanne. Mwaka 2022 waasi wa M23 walichukua eneo la Rumangabo, na Januari 2025 wakaingia Goma. Haikuwa mara ya kwanza kwa yatima kusikia mabomu. Mwaka 2012, wakati wa vita vya kwanza vya M23, Bauma alikataa kuwaacha, na ni katika mapigano hayo Kaboko aliugua akafa.

Kituo kinachoishi kwa tiketi pekee kingekufa mara nne katika muda huo. Virunga imesimama kwa sababu imeegemea pia wafadhili, Umoja wa Ulaya ukiwa miongoni mwa wakubwa, na kwa sababu imejenga mitambo ya umeme wa maji kama ule wa Matebe, ambao nyaya zake zinafika mpaka Goma. Umeme huo una faida mbili kwa gorila. Unaleta mapato ambayo hayamhitaji mtalii, na kila nyumba inayopika kwa umeme ni gunia la makala lisiloteremshwa. Bei na uhaba wa nyaya mitaani bado ni malalamiko ya haki. Hata hivyo, nikiulizwa ni nini kilichofanywa kwa ajili ya wanyama hawa katika miaka 20, nitataja Matebe kabla ya kutaja utalii wowote.

Ndakasi alikufa tarehe 26 Septemba 2021, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na umri wa miaka 14, mikononi mwa Bauma. Picha ya siku hizo za mwisho nayo ilisambaa, na safari hii watu walilia.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wenyeji zaidi ya wageni. Watoto wa sokwe na wa nyani, na kasuku wa kijivu, bado wanapitishwa mijini kwetu, kwenye vikapu na ndani ya koti, na bei hupanda kadiri mnyama alivyo mdogo. Walanguzi wanajua thamani yake vizuri. Septemba 2022, huko Lubumbashi, sokwe watatu wachanga walitekwa kutoka makao ya sokwe yatima ya J.A.C.K. na watekaji wakadai fidia. Nyuma ya kila mtoto mmoja kuna mama aliyeuawa, na mara nyingi wengine wa kundi waliojaribu kumkinga. Sheria ya Februari 2014 ya ulinzi wa mazingira inakataza kuwamiliki na kuwauza wanyama wanaolindwa. Sheria, lakini, haijasimama mlangoni pako jioni ambapo kijana anafunua kikapu na kukuonyesha sokwe mchanga anayetetemeka.

Mwenye roho nzuri ndiye mteja anayetafutwa hapo. Atalipa ili amwokoe, na kijana atarudi msituni na pesa hizo kutafuta mwingine. Kwa hiyo usimnunue, hata kwa huruma, hata kama unaona wazi kwamba hatafika asubuhi. Kariri sura ya muuzaji na mahali mlipokutana, na uwapelekee taarifa watu wa ICCN, mamlaka ya hifadhi za taifa, au wa kituo cha Lwiro, ambao tangu 2002 wamekuwa wakipokea sokwe wa namna hiyo na kuwalea pamoja na wenzao.